Kura Juu ya Kodi ya Nyumba: Khabari za Miji Miwili ya Minnesota

Wamo katika vijana waliosoma juzuu kwetu, mabinti kwa wavulana, ambao leo wanakaa Marekani katika jimbo la Minnesota, pamoja na wake zao na waume zao na watoto wao. Salamu zao hutufikia kwa simu na kwa barua, na mara nyingi pamoja na salamu huja swali. Swali ambalo limetujia zaidi ya mara moja ni hili: siku ya uchaguzi mtu hupewa karatasi yenye majina ya watu, na baada ya majina hukuta masuala ya kujibiwa “ndiyo” au “la”, na moja katika masuala hayo linahusu kodi za nyumba. Je, tujibu nini? Na je, jambo hilo latuhusu?

Twaonelea kujibu katika kurasa hizi, kwa kuwa ni nyumba chache za Waislamu wa pwani yetu zisizokuwa na mtoto, au mkwe, au mpwa katika nchi zile. Hatutamwambia mtu aseme “ndiyo” wala “la”. Tutaeleza yaliyopita, kwani yaliyopita yana mafunzo mengi kuliko maneno yetu, na kila mmoja atajipimia mwenyewe.

Kwanza yapasa ijulikane ni watu gani tunaowazungumzia. Baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, maelfu ya Wasomali walikimbilia Kenya, wakakaa katika kambi za Dadaab na Kakuma, wengine miaka kumi na zaidi, na wengi katika hao ndiko walikojifunza Kiswahili. Kutoka huko wakachukuliwa Marekani, na Minnesota ikawa jimbo lenye Wasomali wengi kuliko majimbo yote ya nchi ile. Katika mji wa Minneapolis uko mtaa uitwao Cedar-Riverside, ambamo mna majumba marefu ya ghorofa yaliyomalizwa kujengwa mwaka 1973. Apitaye hapo husikia Kisomali kila upande, na Kiswahili hakikosi, na harufu ya hiliki na bizari hutoka madirishani. Takriban wote waliomo ni wapangaji.

Nao ni wapangaji kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umaskini wa mwenye kuhama, nao hauhitaji maelezo. Ya pili ni ya dini. Katika nchi ile mtu wa kawaida hanunui nyumba kwa fedha taslimu. Hukopa benki kwa miaka 30 na hulipa riba. Muislamu mwenye kuichelea riba hujiweka kando, na ingawa zipo njia za kununua zisizokuwa na riba, njia hizo ni nyembamba na si kila mtu azipatazo. Basi hubaki kulipa kodi mwezi baada ya mwezi, na kodi ikipanda yeye hana pa kukimbilia. Ndiyo maana twasema suala la kodi latuhusu, kabla hata hatujaingia ndani yake.

Sasa, kura ya namna hii ni nini? Sisi huku tumezoea kumpigia kura mtu: mbunge, diwani, rais. Mtu yule akishapita hufanya atakavyo mpaka miaka mitano ipite. Katika majimbo mengi ya Marekani, mbali na kuchagua watu, wananchi huulizwa jambo lenyewe: je, mji ukope fedha za kujengea nyumba? Je, katiba ya mji ibadilishwe? Je, sheria hii iliyoandikwa iwe sheria? Masuala hayo mara nyingine huletwa na madiwani, na mara nyingine huletwa na wananchi wenyewe kwa kukusanya saini za wapiga kura mpaka zifike idadi iliyowekwa.

Katika Minnesota jambo hili lina nguvu ya pekee upande wa nyumba. Sheria ya jimbo, iliyotungwa mwaka 1984, hukataza mji wowote kuweka kiwango cha juu cha kodi za nyumba za watu binafsi, ila ikiwa wananchi wa mji huo wamekubali katika uchaguzi mkuu. Maana yake ni kwamba meya na madiwani, hata wakitaka wote, hawawezi. Ufunguo wa mlango ule umewekwa mikononi mwa wapiga kura, na asiyefika kituoni amewaachia wengine ufunguo wake.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeugeuza. Kisha tarehe 2 Novemba 2021 miji miwili iliyo jirani, Minneapolis na Saint Paul, inayotenganishwa na mto Mississippi, iliwauliza watu wake suala hilo siku moja. Miji yote miwili ikajibu “ndiyo”, na ajabu ni kwamba katika kila mji waliokubali walikuwa takriban 53 kwa mia. Lakini hayakuwa masuala ya namna moja, na hapa twamwomba msomaji atulie, kwani tofauti hii ndiyo wengi hawakuiona siku ile.

Watu wa Saint Paul waliwekewa mbele yao sheria iliyokwisha kuandikwa, herufi kwa herufi. Aliyesema “ndiyo” aliipitisha vile vile ilivyo. Watu wa Minneapolis hawakuwekewa sheria yoyote. Waliulizwa kama wanawapa madiwani wao idhini ya kutunga sheria ya kodi hapo baadaye. Wa kwanza walinunua nguo iliyoshonwa. Wa pili walimpa fundi kitambaa. Tuangalie kila mmoja alipata nini.

Sheria ya Saint Paul ilisema kwamba kodi isipande zaidi ya 3 kwa mia katika kila miezi 12. Haikubagua nyumba kuukuu na nyumba mpya. Wala haikubagua mpangaji anayeendelea kukaa na mpangaji mpya anayeingia baada ya mwenzake kutoka: kodi ilifungwa na nyumba, si na mtu. Katika miji mingi ya dunia yenye sheria kama hizi, nyumba mpya husamehewa ili wajenzi wasikate tamaa. Saint Paul haikuwasamehe, na ilisemwa kuwa ni katika sheria kali kuliko zote za Marekani.

Yaliyofuata yalikuja upesi. Hata kabla sheria haijaanza kutumika tarehe 1 Mei 2022, watu waliokuja kuomba vibali vya kujenga majumba walipungua sana. Kampuni moja kubwa iliyokuwa ikijenga katika uwanja wa kile kilichokuwa kiwanda cha magari ya Ford ikaondoa maombi yake ya majengo kadhaa. Wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Southern California walipima bei za majumba na kuona kwamba thamani yake ilishuka kiasi cha 6 mpaka 7 kwa mia. Kwa upande wa pili, mpangaji aliyekuwa akipandishiwa kodi kila mwaka kwa kiasi apendacho mwenye nyumba, mwaka ule alilala usingizi. Mambo yote mawili ni kweli, wala moja halilibatilishi jingine. Twaonya hivi kwa sababu tumeona kwamba kila upande hupenda kutaja lile lake tu.

Mwezi wa Septemba 2022 baraza la mji likaigeuza sheria ile. Majengo mapya yakasamehewa kwa miaka 20, na mwenye nyumba akaruhusiwa kupandisha kwa 8 kwa mia pamoja na kadiri ya kupanda kwa gharama za maisha pindi mpangaji atokapo kwa sababu halali. Kisha mwezi wa Mei 2025, kwa kura 4 dhidi ya 3 za madiwani, majengo yote yaliyojengwa baada ya mwaka 2004 yakatolewa katika sheria moja kwa moja. Basi kile walichokipigia kura watu mwaka 2021 na kile kilichopo leo ni vitu viwili. Nyumba za zamani zimebaki chini ya kile kipimo cha 3 kwa mia, mpya hazimo.

Wako waliosema kuwa huko ni kuivunja kauli ya wananchi. Sisi hatusemi hivyo. Madiwani nao walichaguliwa, na sheria iliyoandikwa na watu yaweza kutengenezwa na wawakilishi wa watu. Ila twalionyesha jambo hili kwa ajili ya yule anayedhani kwamba akishatia karatasi yake sandukuni kazi imekwisha. Aliyepiga kura mwaka 2021 na asihudhurie tena, hakujua mwaka 2025 kwamba kura ile iliamuliwa upya na watu saba katika chumba kimoja, tena kwa tofauti ya mtu mmoja.

Twende Minneapolis. Mwaka ule wa 2021 karatasi ya kura ya mji ule ilikuwa na masuala matatu. La kwanza lilihusu madaraka ya meya. La pili lilihusu kuiondoa idara ya polisi na kuweka idara nyingine mahali pake, kwani ni katika mji huo alikouawa George Floyd mwezi wa Mei 2020. Dunia nzima ilitazama suala lile la pili, na magazeti hayakuandika ila hilo, nalo likakataliwa. La nyumba lilikuwa la tatu, mwisho kabisa, nalo likapita. Ni kawaida ya masuala ya nyumba kuwekwa mwisho wa karatasi, mahali ambapo mtu amekwisha choka kusoma.

Baada ya idhini kupatikana iliundwa kamati ya wapangaji na wenye nyumba na wajuzi. Wengi katika kamati ile wakashauri kipimo cha 3 kwa mia. Meya Jacob Frey alikuwa akipinga jambo hilo. Madiwani wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Ikafika tarehe 28 Juni 2023, siku ambayo baraza lilikuwa likutane na kuamua kama kazi ya kutunga sheria iendelee ili iletwe mbele ya wananchi, au ikome.

Nayo tarehe 28 Juni 2023 ilikuwa Idi ya Kuchinja.

Madiwani watatu wa mji ule, Jamal Osman, Aisha Chughtai na Jeremiah Ellison, ni Waislamu, na hawakuhudhuria kwa sababu ya sikukuu. Kikao kilifanyika. Waliokuwapo wakapiga kura, na mpango wa kuweka kiwango cha kodi ukaangushwa. Kwa jinsi madiwani walivyogawanyika, viti vile vitatu vilivyokuwa tupu ndivyo vilivyoamua.

Twataka kusema machache hapa, kwani khabari hii ilizungumzwa sana. Wako waliowalaumu wale watatu kwamba waliuza haki za wapangaji kwa ajili ya karamu. Maneno hayo ni ya mtu asiyejua Idi ni nini. Muislamu haombwi udhuru kwa kuwa yuko katika swala ya Idi pamoja na jamaa zake. Wako pia waliosema kuwa siku ile ilichaguliwa kwa makusudi ili Waislamu wasiwepo. Nasi hilo hatulisemi, kwani aliyomo moyoni mwa mtu ayajua Mola wake. Tena haifai kusahau kwamba ni baraza hili hili ambalo mwezi wa Aprili mwaka ule ule 2023 liliruhusu adhana zote tano zisikike kwa vipaza sauti, na Minneapolis ikawa mji mkubwa wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo.

Bali sisi lawama yetu, ikiwa ni lawama, ni nyepesi nayo ni ya sote. Idi haiji kwa ghafla. Hata pale ambapo watu hungoja mwezi uandame, juma lake hujulikana mwaka mzima mbele. Mji wenye Waislamu maelfu kwa maelfu, wenye misikiti na makatibu wa misikiti, hauwezi kukosa mtu mmoja wa kumwandikia karani wa baraza mwezi wa Januari: siku fulani na fulani ni sikukuu zetu, tafadhali msiweke kura kubwa. Wayahudi wa nchi ile hufanya hivyo kwa sikukuu zao, na husikilizwa. Barua moja na stempu yake.

Sasa twaja kwenye swali ambalo wanafunzi wetu wenye kusoma vitabu hutuuliza: je, si Mtume, rehema na amani zimshukie, aliombwa aweke bei wakati bei zilipopanda Madina, naye akakataa? Naam, imepokewa kwa Anas bin Malik, na wameitoa Abu Daud na Tirmidhi, kwamba aliombwa na hakufanya, akaeleza kuwa kupanda na kushuka kwa riziki kuko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye alitaraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hakuna mtu anayemdai dhulma ya mali wala ya damu. Kwa hadithi hii wanavyuoni wengi wameona kuwa asili ni kumwacha mwenye mali na mali yake, wala mtawala asiingie kati ya muuzaji na mnunuzi.

Lakini wako walioitazama hadithi ile wakauliza: bei za Madina zilipanda kwa nini? Zilipanda kwa uchache wa vitu na wingi wa watu, wala si kwa hila ya mtu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, wakapambanua. Wakasema kuwa kuweka bei kuko namna mbili: kuna kuliko dhulma, nako ni kumlazimisha mtu auze kwa bei asiyoiridhia bila ya haki, na kuna kuliko uadilifu, nako ni pale ambapo watu wana haja ya lazima ya kitu na wenye nacho wamekizuia ila kwa bei ya kupindukia, au biashara imefungwa mikononi mwa wachache. Hapo mtawala huweza kuwapasisha wauze kwa thamani ya mfano wake.

Tazama basi jinsi elimu ya wazee inavyokuja kukaa juu ya karatasi ya kura ya Saint Paul. Swali la kwanza la mpiga kura Muislamu si “mimi ni mpangaji au mwenye nyumba?” Swali ni: kodi katika mji huu zapanda kwa sababu gani? Ikiwa ni kwa kuwa watu wamezidi na nyumba hazijengwi, basi dawa ni kujenga, na sheria itakayowafukuza wajenzi itazidisha maradhi. Ikiwa ni kwa kuwa majumba yamekusanywa mikononi mwa wachache wanaowapandishia wanyonge kwa kuwa wajua hawana pa kwenda, hilo ni jambo jingine. Na mara nyingi yote mawili yamechanganyika. Nasi twawajua Waislamu walionunua nyumba ndogo ya familia mbili, wao wakikaa chini na mpangaji juu. Ushuru wa mji ukipanda na gesi ya kupashia nyumba joto ikipanda, kipimo cha 3 kwa mia huwabana na wao. Sheria ya Saint Paul iliwafungulia mlango: mwenye nyumba anayeonyesha gharama zake aweza kujithibitishia kupandisha mpaka 8 kwa mia, na zaidi ya hapo huamuliwa na watumishi wa mji. Lakini mlango huo wataka fomu na hesabu, na si kila mzee aweza.

Kura hizi si zote za kuweka kiwango cha kodi. California, kwa mfano, ina kifungu katika katiba yake ya jimbo, Kifungu cha 34, kilichopitishwa na wapiga kura mwaka 1950. Kwa kifungu hicho, nyumba za kodi nafuu kwa maskini zinazojengwa kwa fedha za serikali haziwezi kujengwa katika mji mpaka wenyeji wa mji ule wapige kura na kukubali. Majumba ya matajiri hayaulizwi. Mwaka 1971 Mahkama Kuu ya Marekani ilisema kuwa kifungu kile si kinyume cha katiba ya nchi. Mara tatu, mwaka 1974, 1980 na 1993, wananchi waliulizwa kama wanataka kukiondoa au kukilegeza, na mara tatu wakakataa. Kisha ilikusudiwa waulizwe tena mwaka 2024, na suala likaondolewa kabla ya uchaguzi. Hapo kura ya wananchi imekuwa ukuta badala ya mlango. Na katika jimbo hilo hilo, watu wa Los Angeles mwaka 2016 walikubali mji ukope dola bilioni 1.2 za kuwajengea wasiokuwa na makazi, na mwaka 2022 wakakubali ushuru wa 4 kwa mia juu ya kila jengo linalouzwa kwa zaidi ya dola milioni 5, na wa 5.5 kwa mia kuanzia dola milioni 10, ili fedha zake ziende katika nyumba za kodi nafuu na kuwasaidia wapangaji wanaotaka kufukuzwa. Chombo ni kile kile. Mkono ndio unaokigeuza.

Berlin nayo ina khabari ambayo ituumize kidogo. Tarehe 26 Septemba 2021 watu wa mji ule waliulizwa kama kampuni za majumba zenye nyumba zaidi ya 3,000 zichukuliwe na umma kwa malipo. Zaidi ya watu milioni moja walijibu “ndiyo”, nao walikuwa wengi kuliko waliokataa. Lakini kura ile ilikuwa ya kushauri tu. Serikali iliunda kamati ya wajuzi, kamati ikasema mwezi wa Juni 2023 kwamba sheria yaruhusu, na kampuni zile hazikuchukuliwa. Kinachotuumiza si hicho. Ni kuwa Waturuki wengi wa Berlin, waliokwenda kufanya kazi tangu mkataba wa mwaka 1961 wa Ujerumani na Uturuki, na watoto wao waliozaliwa pale, walikuwa wapangaji katika majumba hayo hayo yaliyozungumzwa, na hawakuwa na kura, kwa kuwa hawana uraia wa Ujerumani.

Hili latuleta kwa wanetu wa Minnesota. Mwenye kadi ya ukaaji tu hana kura, na twamwonya asijaribu hata akihimizwa na rafiki mwenye nia njema, kwani kupiga kura bila ya uraia ni kosa la jinai nchini Marekani na laweza kumfukuzisha. Aliyetimiza masharti ya kuomba uraia na akakaa tu, huyo twamhimiza. Na asiyekuwa na kura hakunyimwa ulimi: baraza la mji lifanyapo kikao cha kuwasikiliza watu juu ya kodi, mkaaji yeyote aweza kusimama na kusema neno lake.

Mwenye uraia, awe na miaka 18, asiseme kuwa amehama nyumba juzi na jina lake haliko katika daftari. Wapangaji huhama mara kwa mara, na jimbo lile limelijua hilo tangu zamani: tangu uchaguzi wa mwaka 1974, mtu wa Minnesota huandikishwa siku ile ile ya kura, kituoni pale pale, akionyesha ushahidi wa makazi yake. Akikosa karatasi, jirani aliyeandikishwa katika mtaa wa kura ule ule aweza kumtolea ushahidi kwa kiapo. Hilo la ushahidi wa jirani limetupendeza sana.

Wazee wasiojua Kiingereza wasibaki nyumbani. Sheria ya nchi nzima humruhusu asiyeweza kusoma karatasi aingie pamoja na mtu ampendaye wa kumsaidia, mwanawe au mjukuu, ila asiwe mwajiri wake wala mjumbe wa chama chake cha wafanyakazi. Lakini ewe kijana unayemsaidia bibi yako, msomee suala lote mpaka mwisho, umfahamishe, kisha utie alama aliyoisema yeye. Wako wanavyuoni walioifananisha kura na ushahidi, na ushahidi wa bibi si wako wa kuugeuza hata ukimwona amekosea.

Na kulisoma suala ni kazi ya jioni ya kabla, si ya kituoni. Mji hutangaza mapema mfano wa karatasi ya kura. Uchukueni mezani baada ya chakula mwulizane: je, hii ni sheria iliyokamilika au ni idhini tu? Nyumba zipi zimo na zipi zimesamehewa? Fedha zatoka kwa nani? Madiwani waweza kuigeuza, na kwa muda gani? Matangazo yanayojaa sandukuni ya “ndiyo” na “la” yamelipiwa na nani? Kwa kawaida jina la aliyelipa huandikwa chini kwa herufi ndogo, na kwa desturi ya dunia, kilichoandikwa kwa herufi ndogo ndicho cha kusomwa kwanza. Suala la mji likiachwa bila ya jibu katika karatasi, huhesabiwa majibu ya waliojibu tu. Mwenye kuacha wazi hakusema “la”, amenyamaza.

Vituo vya Minnesota kwa kawaida hufunguliwa saa moja ya asubuhi, na mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi ruhusa ya kwenda kupiga kura bila ya kumkata mshahara. Aliye na safari aweza kupiga kura kuanzia siku 46 kabla. Vituo hufungwa saa mbili za usiku, na aliyekwisha kusimama safuni kabla ya saa hiyo hupewa karatasi yake, hata ikiwa zamu yake itafika baada ya swala ya isha.